Kamusi ya nahau ya mtumba: 8,000 zangu hazikuenda bure

Kamusi hii ya nahau za Kiingereza nimeiokota Posta, kwenye vitabu vinavyotandazwa chini. Muuzaji alianza na 15,000, tukapatana 8,000. Mimi ni mfasiri, na wiki hiyo mteja alikuwa amenirudishia kazi: "right up my street" niliiandika "juu kabisa ya mtaa wangu". Aibu tupu.

Kamusi imenitoa tongotongo. Mwingereza akisema hivyo anamaanisha jambo lile ndilo lake hasa, analipenda na analiweza, kama mtu anavyoujua mtaa aliokulia. Mmarekani yeye hutumia "alley", kichochoro. (Sisi tungesema tu "hapo ndipo penyewe".) "Streets ahead" nayo ni kumwacha mwenzio mbali, mitaa kadhaa nyuma. Nilipofika "Wall Street" ("mtaa wa ukuta", uliopo New York) nikasahau chai: kumbe palikuwa na ukuta kweli, Waholanzi waliujenga 1653, ukabomolewa 1699. Leo jina hilo huwakilisha sekta nzima ya fedha ya Marekani.

Jalada limeachia, herufi ndogo kama sisimizi, na kurasa za Q zimenyofolewa. Kwa mwanafunzi wa sekondari siishauri. Mifano imejaa kriketi.