Tangi langu dogo la betta, miezi saba tangu nilinunue

Tangi lenyewe, la kufugia betta, samaki mdogo wa mapambo, ni la kioo, na dukani niliambiwa linachukua lita 20. Nililipa shilingi 65,000 pamoja na filta ndogo ya umeme na taa ya kubandika ukingoni. Nilipofika nyumbani, Michenzani mjini Unguja, ghorofa ya tatu, nikalijaza kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Chupa ya nane ilipomalizika, maji yalikuwa yamebakisha vidole viwili tu kufika juu. Lita 12. Nikapiga simu dukani, kijana akacheka: "Dada, huyu samaki hata kwenye kikombe anaishi."

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyoniulia samaki wa kwanza. Yule, kabla ya tangi hili, nilimtia kwenye bakuli la duara la kioo, maji kama lita mbili, juu ya meza ya ukumbini. Kila asubuhi namwaga maji yote, natia mapya ya mfereji, nikijua ndio usafi. Siku ya tisa tukaamka, tumbo liko juu.

Basi nikakaa kusoma. Betta ni samaki wa Thailand na nchi jirani zake, wa vinamasi na mabonde ya mpunga. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi, ndiyo maana kwenye kikombe anakawia kufa, na wauzaji wakaona ndiyo maisha aliyoyataka. Wanasema bonde la mpunga nalo lina maji kidogo. Nenda Cheju, kwenye mabonde ya mpunga ya hapa Unguja, wakati wa mvua ukatazame. Maji yanakufika kifundoni, kweli, lakini hebu tembea mpaka mwisho wake.

Kilichomuua yule wangu ni amonia na klorini, ile dawa ya maji ya mfereji. Samaki hutoa amonia kwa matamvua, na kinyesi na mabaki ya chakula vikioza huongeza nyengine. Kwenye tangi lililotulia kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo haina ukali ule. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe, na huchukua wiki nne mpaka sita kuenea. Mimi bakuli langu halikuwa hata na pa kukaa hao bakteria, na klorini ya mfereji nilikuwa namtilia mbichi kila siku.

Kwa hiyo safari hii tangi lilikaa bila ya samaki. Nikawasha filta, nikawa nadondosha chembe mbili tatu za chakula zioze. Mama akapita, akatazama, akauliza: "Sasa mnafuga maji?" Mdogo wangu aliyeko Dar alinipelekea kwa boti dawa za matone za kupimia, na wiki ya tano amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Ndipo nikaenda kumchukua dume wa buluu, mapezi marefu kama mtandio. Kijana akataka kuniuzia na jike, "asiwe mpweke." Nikakataa. Madume wawili watauana, na jike kwenye lita 12 hana pa kukimbilia.

Sasa tangi. Kioo kizuri, gundi haijavuja hata tone, na kimo chake kinamfaa samaki anayepanda juu kila mara. Filta ndiyo mbovu. Si kwamba haifanyi kazi, inafanya kupita kiasi: mkondo wake ulikuwa unamsukuma mpaka pembeni, yule masikini anapiga mapezi kama mtu aliyekamatwa na upepo wa kusi kwenye ngalawa. Nilikata kipande cha sponji mpya ya kuoshea vyombo, ile isiyotiwa dawa, nikakifunga kwa uzi mdomoni pa filta. Maji yakatulia siku ile ile. Taa nayo ikiwaka usiku, ukumbi ukiwa na giza, anajiona kwenye kioo na kutunisha mashavu kutaka ugomvi. Naizima saa mbili.

Kubwa kuliko yote, tangi halina kifuniko. Hakuna aliyenambia betta huruka. Wiki ya pili binti yangu aliamka alfajiri kwenda kunywa maji, akapiga ukelele: samaki yuko sakafuni karibu na mkeka, amejaa vumbi, shavu linacheza. Nikamwokota kwa mikono iliyolowa. Naamini ni kule kuvuta hewa ndiko kulikomponya, maana samaki kama changu angekuwa ameshakauka. Siku hiyo hiyo nikaweka wavu wa dirisha wenye matundu madogo, nimeubana kwa vibanio vya nguo. Haupendezi. Lakini usifunike na kioo mpaka ukaziba kabisa, lazima juu ya maji pabaki hewa.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi na dawa ya mbu. Dawa nyingi za kopo ni sumu kali kwa samaki, na huyu anavuta juu juu. Kwetu sasa hapulizi mtu dawa ukumbini, na wakija wapuliziaji wa malaria namhamisha kwa jirani ndani ya ndoo, na filta naitia ndoo ile ile. Hata chetezo cha udi nimekihamishia chumbani.

Umeme ukikatika sihangaiki sana juu yake, hewa anajivutia mwenyewe. Ninaowaogopea ni wale bakteria wa kwenye sponji, wanaotaka maji yapite. Ukikaa nusu siku bila umeme, naisuuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena, kamwe si ya mfereji. Joto kwetu si tatizo. Anataka nyuzi 24 mpaka 28, na kipimajoto kilisoma 25 asubuhi za kipupwe. Kaskazi ndiyo ilinishinda, kilifika 31 dirishani, nikalihamishia tangi ukuta wa pili.

Maji nabadilisha robo kila wiki, yamelala siku nzima kwenye ndoo wazi klorini itoke. Chakula, chembe tatu asubuhi na tatu jioni, tumbo lake ni dogo kama jicho lake. Binti yangu aliwahi kumtilia boflo, tukashinda kutwa tunalichota. Mara moja moja nampa viluwiluwi vya mbu kutoka dumu la uani, hapo utamwona alivyo mwindaji.

Na kuna kitu watu wa nje wananunua kwa pakiti, sisi kinatuangukia: majani ya mti wa mkungu. Nachukua lililokauka lenyewe mtini, mbali na barabara, nalisuuza, nalitia moja. Maji yanageuka kama chai ya rangi. Chini ya jani hilo amejenga kiota cha mapovu, meupe, yamebanana kama ya sabuni. Makome na mawe ya pwani situmii, yanaongeza chokaa na maji yetu tayari ni magumu.

Kioo nakipa nne kwa tano, filta mbili, ukweli wa muuzaji sifuri. Hata hivyo nimerudi pale pale, nikapima mwenyewe kwa futi tangi lao la lita 30, safari hii lita ni zake. Hili dogo nitalibakisha la kumtenga akiugua. Bei tumeshakubaliana, imebaki nani atalipandisha ngazi.