Rondo haina kilele: uzoefu wangu wa safari mbili

Mwezi wa nane nilipanda Rondo, kule mkoani Lindi, mara mbili. Safari ya kwanza nilitupa hela.

Kijana mmoja wa Lindi mjini alinipangia kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa Sh 60,000: bodaboda, maji chupa mbili, na ahadi ya kilele cha kupigia picha. Tukakata kona za kupandia, vumbi jekundu hadi kwenye kope, tukafika juu saa sita jua la utosi. Nikamuuliza kilele kiko wapi, akaninyooshea kidole kwenye shamba la miti ya misaji. Jamani, Rondo ni uwanda wa juu. Ukimaliza mteremko umemaliza kupanda, kinachobaki ni kutembea tambarare. Nadhani hata yeye hakulijua hilo.

Mara ya pili nilijiendea mwenyewe. Nikapita ofisi ya kijiji na kwa watu wa misitu kwanza, maana msitu wa asili ni hifadhi, hauingiliwi kienyeji. Nikapata mzee wa hapo hapo wa kuniongoza, tukakubaliana Sh 20,000 na chakula juu yake. Mzee hana haraka. Alisimama kwenye mvule, akaupapasa kama ng'ombe wake, akaniambia mivule ya maana ilishapasuliwa mbao enzi za mkoloni. Hii iliyopo, alisema, ni wajukuu.

Lakini kilichonifanya niandike ni usiku. Rondo ndiko alikopatia jina komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito kama wa yai la kuku, mkia mwekundu uliotawanyika mithili ya brashi ya kuoshea chupa. Yuko pia kwenye misitu michache ya pwani, hadi Pugu na Pande kule upande wa Dar, lakini kote misitu yenyewe inamegwa. Tulikaa chini giza lilipoingia, tochi nimeifunga kitambaa chekundu. Nusu saa kimya, kisha sauti ndogo kule juu, ikajirudia, ikahama mti. Macho mawili yakawaka, yakazimika. "Ndiye," mzee akanong'ona. Mimi siwezi kuapa, makomba wako wa aina nyingi, lakini nywele zilinisimama. Aliyekwenda na kurudi mchana haya hayapati.

Asubuhi ukungu, baridi ya kutafuta sweta (Lindi hii hii!), na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha bado ya moto, inamenywa kwa vidole. Nilikula hadi nikaona aibu.

Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Upupu ulinipata shingoni nikajikuna njia nzima hadi mji wa Mtama. Kwa huo nakata nyota moja, nabakiza nne. Na mvua zikianza msijaribu. Mzee aliniaga hivi: "Mwanangu, Desemba mpaka Aprili usinitafute, pikipiki itakulalia."