AC ya Hilux yangu: gesi inajazwa, gesi inaisha, na gereji iliyoniambia kwa nini

Gari ni Toyota Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2012, na ni la kazi hasa. Nauza dawa na chanjo za mifugo, kwa hiyo njia zangu ni Mbagala, Chanika, Pugu, siku nyingine Kibaha. Chanjo nyingi za kuku zinataka nyuzi 2 hadi 8. Boksi la barafu nakaa nalo kebini, maana kwenye bodi jua la saa saba linamaliza barafu kabla hujafika kwa mteja wa tatu. AC ikifa mimi nafunga biashara mapema, na ndiyo sababu nilikomaa na jambo hili mpaka mwisho wake.

Ilianza kusumbua mwezi wa pili, kipindi ambacho Dar unaoga na kutoka jasho papo hapo. Asubuhi barabara ikiwa nyeupe ilipoza vizuri tu. Ukiingia foleni ya Buguruni, upepo unageuka vuguvugu. Baadaye hata ukikimbia ikawa joto tupu, na ule mlio wa klachi ya kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, ikishika, "tak", sikuusikia tena.

Fundi wa kwanza, wa pembeni ya barabara, alifungua boneti, akagusa paipu kwa kiganja na kutoa hukumu: "Gesi imeisha, mama." Akaunganisha mpira, akajaza, akagusa tena paipu ilipoanza kutoa jasho la baridi, akachukua elfu hamsini yake. Ilipoza. Wiki hazikupita nyingi, joto likarudi. Nikamrudia, akajaza tena, akasema gesi ya siku hizi haidumu.

Hapo ndipo niliposhtuka. AC ya gari ni mzunguko uliofungwa. Gesi hailiwi kama dizeli. Gesi ileile inasukumwa na kompresa, inapoa kwenye kondensa mbele ya rejeta, inapita kwenye drayeri inayonyonya unyevu, inapenya tundu jembamba la ekspansheni valvu, inageuka baridi kwenye evapoleta ndani ya deshibodi, kisha inarudi kompresa kuanza upya. Gari lisilovuja linaweza kwenda miaka bila kuongezewa. Ikipungua ndani ya wiki, kuna mahali inatoka, na anayejaza bila kutafuta mahali hapo anakuuzia hewa.

Fundi wa pili, huyu ana banda na bango kubwa, hakutaka hata kupima. Alisikia injini, akasema kompresa imekufa, nilete laki nne na nusu anifungie ya mtumba kutoka Dubai. Nikamuuliza amejuaje. Akasema uzoefu. Nikamshukuru kwa uzoefu wake nikaondoka.

Gereji ninayotaka kuisifia iko Tabata, wanafanya umeme wa magari na AC tu. Nilielekezwa na dereva mmoja wa daladala, na kwa joto wale ndugu zetu ni mashahidi wa kuaminika. Fundi mkuu ni kijana, ana maneno machache, na kabla ya kugusa chochote alinisomea stika iliyo chini ya boneti: aina ya gesi, R134a, na uzito wake kwa gramu. Miaka yote niliyokaa na hilo gari hakuna fundi aliyewahi kuitazama.

Alifunga geji mbili za presha, moja upande wa presha ya juu na moja upande wa presha ya chini, injini ikiwa imezimwa. Gari likiwa limepoa, pande zote mbili husoma sawa, na kwa joto la nyuzi 30 hivi R134a hukaa kwenye psi (kipimo cha presha) 95 na kitu. Yangu ilikuwa chini ya 40. Alinieleza kwamba ikisoma vizuri hapo si uthibitisho kuwa gesi inatosha, kwa sababu hata kiasi kidogo kikiwa bado kimiminika kinatoa presha hiyohiyo. Lakini ikiwa chini kiasi kile, ujue umebaki mvuke tu. Na kompresa ilikuwa haishiki kwa sababu swichi ya presha inaizuia isizunguke kavu. Kumbe ilikuwa inalindwa, na mwenzangu wa bango kubwa alikuwa tayari kuizika.

Alitoa gesi iliyobaki, akaleta mtungi wa naitrojeni, gesi kavu. Upepo wa kujazia matairi hawatumii, una unyevu, na unyevu ndani ya mfumo ule ni sumu: unaganda kwenye tundu la valvu na ukichanganyika na oili unaanza kula vyuma. Akapandisha presha, akachukua chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, akaanza kupita kila kiungo, kila nati, bila haraka. Mimi nimesimama pembeni na tochi ya simu.

"Sogeza mwanga hapa, mama. Chini kabisa."

Kwenye kona ya chini ya kondensa, upande wa abiria, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu, vumbi limegandia mafuta. Alisema hapo ndipo pa kuanzia siku zote, kwa sababu oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, na gesi ikitoka inaacha oili nyuma. Akapuliza sabuni. Ilikaa kidogo, kisha mapovu madogo madogo yakaanza kuchemka kama uji unaokaribia kuiva. Jiwe. Barabara za vumbi za kule Chanika zina kokoto, na kondensa ya alumini ni nyembamba mno.

Nilidhani kazi imekwisha. Yeye hakudhani hivyo. Kondensa mpya ilipofungwa, alirudisha naitrojeni, akafunga geji, akaniambia nikanywe chai kwa mama wa jirani. Niliporudi mshale ulikuwa umeshuka, kidogo sana, upana wa kucha. Fundi mwingine angesema ni joto limebadilika. Huyu akarudi na sabuni yake, akakuta oringi, pete ya mpira ya kuzibia, ya paipu kubwa inayoingia kompresa imekauka, ngumu kama plastiki. Akaibadilisha, na nyingine za viungo alivyokuwa amevifungua. Alitumia zile za kijani, akasema za kawaida nyeusi za maboksi mchanganyiko hazivumilii gesi hii wala oili yake. Mara hii mshale ulikaa palepale.

Kwa maoni yangu pesa yangu nililipia hilo. Kufunga spea mpya wengi wanaweza. Kurudi kutafuta tundu la pili wakati mteja ameshafurahi kwa la kwanza ni wachache.

Drayeri nayo ilibadilishwa, kwani mfumo ukishakaa wazi ile dawa yake ya kunyonya unyevu inashiba haraka, na kwa hewa yetu ya pwani sitaki hata kubishana. Kisha vakyumu. Pampu ilinguruma karibu saa nzima. Sababu yake inapendeza ukielezwa: ukiivuta hewa yote, maji yaliyojificha ndani yanachemka kwa joto la kawaida tu na kutoka kama mvuke. Akazima pampu, akasubiri kuona kama mshale utapanda, haukupanda. Akaongeza oili kidogo kufidia iliyotoka na kondensa ya zamani, ndipo akaweka mtungi kwenye mizani na kujaza gramu zilezile za kwenye stika.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa bluu ya mbingu, kilo 13.6, ndiyo rangi iliyozoeleka ya R134a. Nalisema hili kwa sababu mtungi wa fundi wa pembeni ya barabara, nikikumbuka vizuri, ulikuwa wa kijani. Kijani ni rangi ya R22, gesi ya AC za nyumbani za zamani, na presha yake ni kubwa kuliko mipira ya gari ilivyokusudiwa. Rangi peke yake haitoshi, kwani mitungi hujazwa upya mitaani, lakini ukiona kijani mbele ya gari lako uliza. Wapo pia wanaojaza gesi za jamii ya ile ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na zinapoza kweli. Ikivuja ndani ya kebini na mtu anawasha sigara, shauri yenu.

Injini ilipowashwa, upande wa chini ulisoma psi 35 hivi, wa juu 220. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kilishuka mpaka nyuzi 8 injini ikiongezwa moto kidogo. Nilikwenda nalo moja kwa moja Buguruni saa kumi na moja jioni, nikaliingiza kwenye foleni kwa makusudi. Likasimama, kipimajoto kikapanda mpaka 12, kikabaki hapo. Kwa lori la mizigo linalojiita pikapu, mimi sidai zaidi.

Bei: kondensa mpya, siyo orijino, laki moja na themanini kutoka Kariakoo, drayeri na oringi elfu hamsini, gesi na oili elfu sabini, ufundi laki moja. Jumla laki nne, chini ya ile kompresa ya mtumba nisiyoihitaji. Waranti miezi mitatu, na waliiandika kwenye risiti baada ya mimi kuidai. Wasipodaiwa wanasema tu "usijali mama, tupo", na neno hilo huwezi kulipeleka popote.

Sasa lawama. Wanachelewa. Spea ilifuatwa kwa bodaboda na ile bodaboda nadhani ilipitia kwa ndugu. Hakuna kivuli cha wateja, unakaa kwenye ringi ya tairi. Walinitoza elfu kumi kubadilisha filta ya kebini, kazi ya kufungua tu droo ya deshibodi, mtu yeyote anaweza nyumbani kwake. Na kondensa yangu ya zamani walikuwa wameshaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Niliidai nikaondoka nayo, maana sipendi iunganishwe na gundi kisha auziwe mtu mwingine.

Joto la mwezi wa tatu limepita na AC bado inagandisha. Feni kwenye namba moja na mbili haiwaki, inaanzia tatu. Fundi anasema ni rezista ya feni, ile inayopunguza mwendo wake, elfu thelathini na tano. Nimemwambia asubiri. Namba tatu inanitosha mpaka mauzo ya chanjo yachangamke.