Kisima kinachojengewa mawe: uzoefu wangu na Yijing nilipotaka kuacha uhasibu

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, mwaka wa 11 sasa. Mwaka jana nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi nikafundishe sekondari. Ilikaa mkobani wiki nzima. Kila niliyemwomba ushauri alinipa hofu yake: mume wangu alipiga hesabu ya ada za watoto, dada yangu akataja umri wangu. Kipindi hicho ndipo nilipokikuta Yijing kwa muuza vitabu vya mtumba. Ni ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1950, iliyotokana na Kijerumani cha Richard Wilhelm, mmisionari aliyeishi Qingdao na kusomeshwa kitabu hicho na mwalimu wa Kichina.

Yijing ni kitabu cha uaguzi cha Wachina wa kale, na kiini chake ni cha zama za ukoo wa kifalme wa Zhou, karibu miaka 3,000 iliyopita. Wakale walitumia vijiti 50 vya mmea, kimoja kikiwekwa kando. Mimi nilitumia sarafu tatu za shilingi 200. Upande wa Karume niliuhesabu 3, wa simba 2, kwa hiyo kila ukirusha zote tatu unapata 6, 7, 8 au 9. Witiri ni mstari mzima, shufwa ni mstari uliokatika katikati. Ukipata 6 au 9, mstari huo umekomaa na unageuka kuwa kinyume chake. Unarusha mara sita na kupanga mistari kutoka chini kwenda juu, kama anayejenga ukuta. Mistari hiyo sita ni umbo moja, na maumbo yote ni 64.

Aliyekulia pwani ataikumbuka ramli yetu, yenye maumbo 16 ya safu nne za nukta moja au mbili. Mama naye aliikumbuka, akakasirika. "Mwanangu, ghaibu anaijua Mungu peke yake." Nami naamini hivyohivyo, na nilimwambia. Sikukiuliza kitabu yatakayotokea. Niliandika kwenye daftari: nitazame nini kabla sijaitoa barua hii?

Nikapata 8, 7, 7, 6, 7, 8. Umbo la 48, Kisima.

Maneno yake yanasema mji huweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi. Na kamba isipofika kwenye maji, au mtungi ukivunjika, ni balaa. Niliisoma hiyo ya kamba nikafunga kitabu. Sikuwa na cheti cha ualimu, na akiba yangu ilikuwa ya miezi miwili. Miezi yote ile nilikuwa nabishana na watu kuhusu mji, yaani niondoke au nibaki, wala hakuna aliyeniuliza kuhusu kamba. Kisima nilikuwa nacho tangu zamani: kila karani mpya pale ofisini huletwa kwangu nimweleweshe leja, na ndiyo saa pekee ya siku ninayoipenda.

Mstari uliogeuka ni wa nne: kisima kinajengewa mawe, hakuna lawama. Wilhelm anaeleza kuwa wakati wa ujenzi maji hayatekwi, lakini kazi haipotei bure. Ukigeuka, umbo linakuwa la 28, boriti ya paa iliyopinda kwa kuelemewa, na linasema yafaa kuwa na pa kwenda. Hapo nililia. Nilichoka kweli, na hakuna aliyekuwa amelisema hilo mbele yangu.

Barua sikuitoa. Niliomba stashahada ya uzamili ya ualimu kwa masomo ya mbali, ada inatoka kwenye mshahara uleule.

Kasoro zipo. Lugha ni nzito, imejaa wafalme na majeshi, na kurasa nyingine nilizirudia mara tano. Kubwa zaidi ni kishawishi cha kuuliza tena. Baada ya wiki moja nilirusha sarafu kwa swali lilelile, nikitafuta ruhusa ya kuondoka haraka, na nilichopata hakikunifaa kwa lolote. Baadaye nikakutana na umbo la 4: anayeuliza mara ya kwanza hujibiwa, akirudia mara ya pili na ya tatu ni usumbufu, hajibiwi. Wachapishaji wangeliweka onyo hilo ukurasa wa kwanza.

Anayetaka kuambiwa "acha" au "baki" asinunue. Anayeweza kukaa na picha moja siku tatu bila kuilazimisha, namshauri akitafute, ila awe na daftari. Andika swali kwa kalamu, andika umbo, kisha andika kilichokushtua kabla hujasoma ufafanuzi. Mimi faida yangu yote ilitoka kwenye mstari huo mmoja wa daftari: "Kamba."

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili, somo la utunzaji wa hesabu. Barua bado imo mkobani. Imebaki kujaza tarehe.