TAHADHARI: Anayeuza tiketi za bendi kongwe za rock kwenye magrupu yetu ya Uingereza ni tapeli

Wakuu, salaam. Nawaandikia hasa mlioko Uingereza, pamoja na mnaopanga kuja kiangazi kuona ndugu na kupitia shoo moja mbili. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya huku, anauza tiketi za bendi kongwe za rock. Kiswahili chake kimenyooka, ana adabu, ukimzidi umri shikamoo unaipata bila kuidai. Tiketi hana hata moja.

Aliyelizwa ni rafiki yangu, dereva wa basi Glasgow, mtu wa Tanga, anayesikiliza bendi ya AC/DC tangu enzi za kaseti. Ameniruhusu nieleze ili wengine wasipigwe. Tarehe 21 Agosti 2025 bendi ilikuwa na shoo Murrayfield, uwanja wa raga wa Edinburgh. Ndiyo ilikuwa shoo yao pekee Uingereza mwaka ule, na ndiyo iliyofunga ziara yao ya Ulaya. Kwa Waskoti, hawa si wageni: mpiga gitaa wao Angus Young alizaliwa Glasgow kabla familia yake haijahamia Australia mwaka 1963, na Bon Scott, mwimbaji wao aliyefariki 1980, utoto wake ulianzia Kirriemuir, mji mdogo wa hukohuko Scotland. Rafiki yangu alizikosa tiketi zilipotoka, akabaki anatafuta wa kumuuzia.

Tapeli alijua wapi pa kugusa. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa ameaga mashabiki wake Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai, akiimba ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Siku chache baadaye likatua tangazo kwenye grupu: wazee wanaondoka, Brian Johnson (mwimbaji wa AC/DC) ana miaka 77, Angus 70, ukisema utawaona mwakani utaishia kuwaona YouTube. Akamalizia: mke wangu kalazwa, siwezi kwenda, nina tiketi mbili, nampa wa kwanza.

Umri aliotaja ulikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo watu wanapolainika. Ni kweli kwamba 2016 Johnson aliacha ziara katikati kwa sababu ya masikio, akaja Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, kumalizia shoo zilizobaki. Ni kweli pia kwamba Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023, koo la mwimbaji wao Steven Tyler likaumia baada ya shoo chache tu, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatazunguka tena. Shabiki yeyote wa bendi hizi anaishi na hofu hiyo. Shabiki wa bendi ya vijana atasema acha, nitawaona ziara ijayo. Huyu wa wazee hathubutu, kwa hiyo hata maswali anaona yanamchelewesha.

Nimeiona picha ya "tiketi" aliyotumiwa. Ni picha ya skrini ya simu, chaji asilimia 11, msimbo wa mistari katikati, chini yake mlango, safu na viti 14 na 15. Ukiikuza unaona namba za viti zina wino mzito kuliko maandishi ya pembeni, na ile 5 imepanda juu kidogo ya mstari. Mtu kaifuta namba ya mwenzake akabandika yake. Ila hata isingeguswa, isingekuwa tiketi. Shoo nyingi kubwa siku hizi tiketi inakaa ndani ya akaunti yako kwenye programu ya muuzaji rasmi, na kwa nyingi msimbo wenyewe hubadilika kila baada ya sekunde chache, makusudi kabisa ili picha isifanye kazi. Mwenye tiketi halali anabonyeza sehemu ya kuhamisha, anaandika barua pepe yako, wewe unaipokea kwenye akaunti yako. Ukimwomba hivyo akaanza kukuambia programu inamsumbua, achana naye hapohapo. Kuna shoo ambazo uhamishaji hufunguliwa siku chache kabla, hilo lipo, lakini basi na hela yako isubiri mpaka siku hiyo.

Bei ilikuwa pauni 300 kwa zote mbili. Nusu iende benki ya hapa, nusu itumwe Dar kwenye namba ya simu, eti ya matibabu ya mama mkwe. (Mke kalazwa huku, mama mkwe anaumwa kule. Familia nzima hoi kwa wiki moja.) Wakati wa kutuma, programu ya benki ilionya kwamba jina aliloandika haliendani na jina la akaunti. Tapeli akajibu haraka: ni akaunti ya shemeji. Wakuu, onyo lile si mapambo. Likitokea, simama.

Getini Edinburgh mashine iligoma mara tatu, mhudumu akamwelekeza dirisha la tiketi, na dirishani wakamwambia hakuna oda ya tiketi hizo. Alipopiga simu, tayari alishablokiwa. Akasikiliza nyimbo mbili tatu za mwanzo akiwa nje ya uzio, kisha akarudi zake stesheni.

Kuhusu pesa, hapa kuna jambo wengi wetu hatulijui. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma hela mwenyewe kwenda akaunti nyingine ya hapahapa, hadi pauni 85,000, mradi hakuwa mzembe kupita kiasi na amedai ndani ya miezi 13. Benki inaruhusiwa kukata hadi pauni 100, na si zote hukata. Rafiki yangu alipiga 159, namba inayokuunganisha na benki yako, akaripoti na polisi kwa 101, maana Scotland utapeli unaripotiwa polisi moja kwa moja. Pauni 150 za benki zilirudi zote, licha ya lile onyo la jina. Zile 150 za Dar, kama laki tano za kwetu, hazikurudi, kwa sababu utaratibu huo hauhusu pesa iliyotoka nje ya nchi. Naamini ndiyo maana aligawa malipo: yule ni mzoefu, anajua upande upi hautafuatiliwa.

Pia wapo wanaojifanya Angus au Brian wenyewe, wanakufuata inbox wakikuuzia "kadi ya shabiki" ya kuonana nao nyuma ya jukwaa. Sina la ziada hapo. Nyota wa miaka 70 hakutafuti wewe saa sita usiku umtumie vocha.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu karudi. Jina jipya, picha mpya ya mtoto kwenye wasifu, na safari hii anatangaza bendi nyingine kongwe, Iron Maiden, huko Knebworth, Julai 2026. Shoo ipo kweli, kama ilivyokuwepo ya Murrayfield. Maneno ni yaleyale: mke kalazwa, tiketi mbili, nampa wa kwanza. Namba yake ya simu wanayo polisi na sitaiweka hapa. Wasimamizi wa magrupu nitumieni ujumbe nitawapa muitoe. Na kama umeshatumiwa picha ya tiketi, nitumie nikulinganishie na ile ya Murrayfield kabla hujatoa hata pauni moja.