DME au GPS: umwambie mwongoza ndege umbali upi?

Mnara unauliza: "Uko umbali gani?" Macho yanakwenda kwenye vioo viwili, cha DME na cha GPS, na kila kimoja kina namba yake.

DME, kifaa cha redio cha kupima umbali, hupima mstari wa mshazari, kutoka ndege hadi kituo cha ardhini. Ukipita juu ya kituo hicho kwa futi 12,000, haisomi sifuri; inasoma karibu maili 2 za baharini. Ukiwa maili 10 kwa futi 6,000, tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya maili, kwa hiyo usihangaike. GPS hupima umbali wa mlalo, kama unavyopimwa kwenye ramani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni swali la "kutoka wapi?" Kituo cha DME kinaweza kuwa mbali na njia ya kurukia, na GPS huhesabu hadi nukta yoyote uliyoichagua, hata ile usiyoikusudia. Ndiyo maana sema "maili 12 za DME", usiishie "maili 12" tu.

Kwa matunzo, GPS inataka hifadhidata mpya kila siku 28. Mzigo wa DME uko zaidi kwa wanaotunza kituo, ila milima ikikukinga huipati. GPS nayo huvurugwa mawimbi yake yakiingiliwa.

Kama wenzako angani wanaripoti kwa DME, nawe ifuate ili mwongoza ndege awapange kwa kipimo kimoja. Kiwanja kisicho na kituo, GPS ndiyo yako.