Tahadhari: Muuzaji wa spea Kariakoo anayekuonyesha feki ili akuuzie feki nyingine

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Wenye Toyota Ipsum, RAV4 za mwanzo na magari mengine yenye injini ya 3S, pamoja na yeyote anayetarajia kununua pampu ya maji, themostati (kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) au kifuniko cha rejeta Kariakoo, jihadharini na mwanamume mmoja wa makamo mwenye duka dogo upande wa Gerezani. Jina la duka silitaji hapa kwa kuwa lalamiko langu limekwisha kufika Tume ya Ushindani.

Nilikwenda dukani na pampu ya zamani mkononi. Fundi alikuwa ameshafungua mkanda wa taimingi, na kwenye injini hiyo pampu huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo hubadilishwa pamoja ili mtu asilipie kazi ileile mara mbili. Yule bwana aliipokea, akaigeuza, na kabla sijatamka neno akasema, "Hii ni ya 3S, kaka. Na mkanda umebadilisha?" Kisha akaweka maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza alilifungua haraka, akanishika kidole akakipitisha kwenye ukingo wa pampu uliokuwa na makovu ya kalibu, akaniambia, "Hii ni feki, ndugu yangu. Ninayo kwa sababu wateja wa bei rahisi hawaniachi, lakini wewe sikuuzii, utakuja kunilaani." La pili alilifungua kwa wembe, taratibu, akainua ile stika inayong'aa kwenye mwanga wa mlangoni ili nione rangi zikibadilika, akaniwekea pampu kwenye kiganja kimoja na ile ya zamani kwenye kingine nilinganishe uzito. Uzito ulikuwa sawa. Matundu ya bolti yalilingana. Mapanga yake ya kusukuma maji yalikuwa na idadi ileile, nami niliyahesabu huku yeye akisubiri bila haraka. Akaongeza themostati na kifuniko cha rejeta, akanikataza kujaza maji ya bomba, akanishauri kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, na kunionyesha jinsi ya kuichanganya. Nililipa Sh 420,000, nikamshukuru kwa mikono miwili.

Anayetaka kuuliza kwa nini nilimwamini ajiulize yeye angefanya nini mbele ya mtu anayeijua injini yake kuliko mafundi wengi, anayemkataza kununua kitu kibovu kilichopo palepale kaunta, na ambaye bei yake haikuwa ya kutupa hata ikatia shaka. Fundi wangu, ambaye wengi wenu mnamfahamu na mmemkabidhi magari yenu, alivikagua vifaa vyote kabla ya kuvifunga, naye akaridhika.

Mliokuwa kwenye msafara wa Njombe mnajua kilichotupata Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, kwa hiyo sitakisimulia chote. Kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni gari halikuonyesha dalili yoyote, kwa sababu kwenye tambarare injini haibebi mzigo mkubwa na upepo wa mwendo hulisaidia rejeta. Tulipoanza kupanda, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi, na kabla ya kumaliza kona kulanti ilikuwa ikifuka kutoka kwenye kifuniko. Mama mkwe wangu alishuka na kusimama ukingoni mwa barabara, malori yakitupita kwa kishindo, huku mashemeji wakininong'ona kwamba nimewapakia kwenye gari bovu. Aibu ile nimeibeba mimi, lakini mwenyewe yupo Kariakoo anauza.

Fundi wa Iringa aliyetupokea hakukimbilia kulaumu spea. Alianza kwa kutoa hewa iliyoweza kunaswa kwenye mfumo, akahakikisha feni zinawaka, akapitisha maji kwenye rejeta kuona kama imeziba. Vyote vilikuwa sawa. Aliposhika mipira ya rejeta, wa juu ulikuwa unaunguza na wa chini uko baridi, akasema maji hayazunguki. Alitoa themostati akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kwa mwinuko wa Iringa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na themostati halali ya injini hiyo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, ikifika 95 inapaswa kuwa wazi milimita 8 au zaidi. Yetu ilifunguka ufa wa kupitisha ukucha. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani kiwango chake cha shinikizo, kilikuwa na springi laini isiyozuia shinikizo, wakati shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yavuke nyuzi 115 bila kuchemka. Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye pampu: mapanga yalikuwa yanateleza juu ya shafti yake, yaani puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, inazunguka na maji yamesimama. Silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda, na gharama ya kuisawazisha na kuweka gasketi mpya ilizidi mara kadhaa bei ya spea zote.

Nilipomrudishia yule muuzaji vifaa vyake alinitazama usoni akasema, "Fundi wako amefunga vibaya." Nikamwomba risiti, akanionyesha kikaratasi cha mkono, kwa sababu siku ya mauzo alidai mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, haina mtandao. Mtu huyu hastahili onyo wala faini ndogo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama za kughushi, basi itumike yote: stoo ifunguliwe, mzigo uteketezwe, leseni ifutwe, na afikishwe mahakamani kama mtu aliyehatarisha maisha ya watu, maana kona za Kitonga hazimpi nafasi ya pili anayezimikiwa gari mbele ya lori.

Mtakaokwenda huko, mwangalie mambo haya: maboksi mawili yanayotoka rafu moja, mashine ya risiti ambayo siku zote haina mtandao, na mapanga ya pampu yanayocheza ukishika puli kwa mkono mmoja na kuyazungusha kwa mwingine. Aliyekwisha kununua kwake asitupe boksi wala kifaa. Avipeleke Tume ya Ushindani, vikaongezwe kwenye ushahidi nilioupeleka.